Sehemu ya Katana

Jumatatu, 1 Septemba
Kukwangua tu, kutwa nzima. Ukuta wa soko, Muyeye. Chokaa ya zamani inatoka kama magamba, macho yanawasha. Mradi wa kaunti wa kuchora kuta umefika mtaani kwetu. Ukuta huu ni wa mafundi: mshona viatu, mama wa mahamri, muashi. Wenyeji wenyewe wamechagua wa kuchorwa. Muashi ni Katana. Hakuna aliyebisha. Lipu ya ukuta huu aliipiga yeye.

Ningali nalala chumbani mwake, kwa mama yake. Shati ninalofanyia kazi ni lake. Tangu aanguke kutoka kwenye jengo akafa, wakati wa masika, sijapata rafiki mwingine huku pwani.

Jumanne, 2 Septemba
Mama Katana hakulala. Mwanawe amemjia tena ndotoni, analalamika baridi. Kwao Wagiriama, marehemu akisema hivyo hutafutiwa mahali pa kukaa, kigingi kikapigwa hapo na kufungwa kitambaa. Ndugu wa Magarini wanaahirisha kikao cha jambo hilo kila siku. Kwa hiyo anautegemea ukuta. Amemwomba Zuhura, mchoraji, amchore na shati zito. Zuhura amesema atampa koti kabisa.

Jioni Mama alinicheka nilivyokula samaki. Eti watu wa bara tunachambua miiba kama tunatafuta sindano. Nilifurahi kumsikia akicheka.

Alhamisi, 4 Septemba
Nilikuwa napaka rangi nyeupe ya kwanza. Nimefika sehemu ya Katana, nikakuta neno la makaa, herufi kubwa: KOMA. Mwandiko wa Mama, alioupata kwenye masomo ya ngumbaru.

Nimekoma. Nimeona uchungu umemzidi, hataki tena. Zuhura aliponiuliza, nilimjibu kwamba Mama amesema tuache. Mama mwenyewe sikumuuliza. Niliogopa kumtonesha.

Ijumaa, 5 Septemba
Zuhura amemaliza. Mama wa mahamri ana unga mpaka kwenye nyusi. Watu wanasimama na vikapu vyao, wanacheka, wanaitana. Sijawahi kufanya kazi inayopendwa hivi.

Jumamosi, 6 Septemba
Uzinduzi. Ngoma, hotuba, watoto mabegani. Mshona viatu alisimama chini ya uso wake akapeana mikono na kila mtu kama bwana harusi.

Mama alikuja na leso mpya. Akaupita ukuta wote polepole. Mwishoni akakuta lipu tupu.

"Barasa, mwanangu yuko wapi?"

Nikamwonyesha neno. Nikamwambia, si wewe Mama uliyeandika tukome?

"Koma ni yeye," akasema. "Kwetu aliyekufa ndiye koma. Niliandika ili asiwekwe mwingine hapo."

Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza.

Jumapili, 7 Septemba
Nimempigia Zuhura, amelia. Yuko Kilifi, rangi na majukwaa yamepelekwa Tezo, kwenye ukuta unaofuata. Nimemwendea Fundi Omari, msimamizi wetu. Anasema ukuta uliokwisha kuzinduliwa haurudiwi, mwakani labda. Nikamwomba tena.

"Wewe ulikoma kupaka," akasema. "Sasa koma kuniuliza."

Wenzangu walicheka. Mimi kuchora sijui. Hata mtu wa vijiti sijui.

Marehemu baba yangu alizikwa nikiwa huku huku, nauli ilinishinda. Katana ndiye aliyekaa nami siku ile. Leo nimemnyima mahali.

Jumatatu, 8 Septemba
Mama aliniamsha alfajiri. Tumekwenda ukutani wawili tu, soko halijafunguliwa. Akaweka kiganja kwenye lipu tupu. Mapito ya mwiko wake yanaonekana, yameinamia kushoto. Katana alitumia mkono wa kushoto. Kwingine kote nimeyafunika kwa rangi. Yamebaki hapo tu.

Aliyafuata kwa kidole, moja moja.

Kisha akaniuliza kama nina msumari. Nikaupigilia chini ya neno lake. Leso yake mpya akaanza kuichana, nikamzuia. Nimevua shati la Katana, nikang'oa mkono mmoja, nikampa. Akaufunga kwenye msumari, mafundo mawili.

"Na wewe je, baridi?"

Nikasema sisikii.

Nimekuja Tezo na shati la mkono mmoja. Hakuna aliyeuliza. Ukuta wa huku ni wa shule, mrefu. Kabla ya kuanza kukwangua nimeuzunguka wote, nikitazama kama pana neno.