Krosi ya Lori la Miwa

Mjukuu wangu Mercy,

Hapa Musanda hatujambo. Nyanya yako anapalilia maharagwe, goti lake limepata nafuu. Umeniuliza kama fundi wako huko Nakuru anakudanganya anaposema giaboksi ya gari lako imekufa.

Nikiwa kijana niliendesha lori la miwa. Siku moja likaanza kugonga chini kila nilipoliondoa. Wiki iliyotangulia fundi wetu, Shikuku, alikuwa ameifungua giaboksi, basi nikajiambia ametoa gia nzima akaweka kuukuu. Nilipekua hata mfuko wake wa vifaa. Sikupata kitu, lakini nilimshtaki kwa mwenye lori, naye akamfukuza.

Shikuku hakuondoka mara moja. Aliingia chini ya lori, akaniita.

"Shika hii shafti inayopeleka nguvu kwenye magurudumu ya nyuma. Itikise."

Niliitikisa, ikacheza mkononi. Krosi, kile kiungo cha shafti, ilikuwa imelika, kavu, imejaa kutu.

"Giaboksi ni nzima," akasema. "Ni nani hutia grisi hapa kila asubuhi?"

Ni mimi. Na nilikuwa nimeacha kwa wiki nyingi.

Nilienda kwa mwenye lori nikamweleza yote, Shikuku akisikia. Nilipokonywa ufunguo, nikakata miwa msimu mzima. Shikuku akarudishwa kazini.

Kwa hiyo mwambie fundi wako akuonyeshe palipoharibika, uguse kwa mkono wako. Mimi huyo fundi simwamini, lakini hata Shikuku sikumwamini.

Babu yako,
Makokha