Shahada Zangu Mbili Zimeniumbua

Wewe fundi cherehani, uko wapi? Nimeumbuka!

Nimempeleka mjukuu chuoni kuomba zile nafasi za vijana ambao kwao hakuna aliyewahi kufika chuo kikuu. Karani, kumbe jirani yetu, akacheka: "Mzee, si wewe unayejisifu mtaani una shahada mbili?"

Shahada mbili! Mbele ya foleni nzima!

Mama mmoja akadakia, "Ndiyo maana nazipinga nafasi hizi, wajanja ndio wanaozila!"

Mjukuu akaninong'oneza, "Babu, sema kweli, nitakosa."

Nikavua kofia. "Jamani, niliishia darasa la saba." Karani akagonga muhuri. Fomu imepita!

Sasa fundi, wewe niliyekaa nawe dawati moja, ukiulizwa niliishia wapi, ni la saba. Lile la nne tutazikwa nalo.