Kesi Niliyoitupa

Kimulot, Jumatano

Mama yangu mpendwa,

Karatasi ya kwanza Mongina ameimwagia uji sasa hivi, halafu akaipangusa kwa kiganja kama mtu anayenisaidia, akanitazama akingoja nimwambie asante. Nimemwambia. Hii ni ya pili, naiandikia juu ya kabati asikofika.

Pokea salamu zangu. Natumaini mguu umepoa na Sabato iliyopita uliweza kutembea mpaka kanisani. Sisi tuko wazima. Baba Mongina, tangu mashine za kuchuma zimchukulie kazi, anachumia majirani chai yao, na mvua ikikubali tunakula. Mongina ameanza kuongea. Kila mwanaume anayepita hapa anamuita mjomba, nami sijui nicheke ama nifanye nini.

Utasema ningepiga simu. Simu ni ya haraka, na haya nataka uyasikie polepole. Yunia anakuja huko kwako Sigowet Ijumaa, atakusomea. Akifika mahali pagumu usimwambie aache.

Umekuwa ukiniuliza nafanya nini hasa kwa Bosire, nami nakujibu ni kazi ya kompyuta, basi unaambia watu Phanice yuko ofisi. Ni hivi. Korti huweka hukumu zake kwa mtandao, mtu yeyote asome. Bosire ana programu inayoingia huko yenyewe mchana kutwa, inaziokota moja moja kama mchumaji asiyechoka. Halafu anawauzia waajiri wanaotaka kujua mtu ana kesi au hana. Mimi na Joan tunaangalia kilichookotwa. Kikiwa sawa, unabonyeza kubali. Kikiwa kimeharibika au kimejirudia, unabonyeza tupa, na kilichotupwa programu haikiokoti tena. Bosire alituambia tuangalie ukurasa wa kwanza tu, maana tukisoma zote majani yatakomaa yakiwa shambani.

Mwezi wa pili lilikuja jina la Onyiego wetu. Majina yake yote matatu, na ile mifuko ya mbolea, na stoo ya kiwanda. Kiingereza cha korti ni kirefu, na shule yangu unaijua iliishia wapi. Niliona neno la wizi tu. Nikamwangalia Joan, alikuwa anakula mahindi yake. Nikabonyeza tupa. Niliona nimemfunika ndugu yangu nguo, na siku hiyo nilirudi nyumbani nikitembea kama mtu aliyetoa sadaka.

Yaliyofuata unayajua, maana yalitokea kwako. Onyiego aliomba kazi ya kuendesha lori la majani, watu wa kiwanda wakatafuta jina lake kwa hiyo programu, likaja na alama nyekundu kwamba alipatikana na hatia. Akarudi kwako akisema korti kubwa ilimtoa, na kwamba hakutoka kwa kumaliza kifungo, alitoka kwa kuonekana hana kosa. Wewe ukamuuliza, mbele ya wazee wa kanisa, kama ni kweli mbona mashine haijui, na mashine haina chuki na mtu. Mzee mmoja akaongeza ati hata Petro alikana mara tatu, wengine wakacheka. Ukamwambia asikuite mama mpaka aseme ukweli. Mimi nilikuwa jikoni kwako, mlango wazi, Mongina mgongoni. Aligeuka akaniangalia mimi, Mama. Nikainamia sufuria. Kesho yake akaenda machimbo ya dhahabu huko Migori, na tangu mwezi wa sita hajashika simu ya mtu wa nyumbani.

Wiki jana Joan alikuwa anapitia vitu vilivyotupwa, akaanza kunichokoza: wewe Mama Mongina, umetupa mtu ameachiliwa, kwani alikukosea nini? Nikamwomba anisomee. Ilikuwa ile ya rufaa. Ile ya kwanza, iliyomfunga, ilikuwa imeokotwa na kukubaliwa kabla sijaandikwa kazi. Kumbe hata hukumu inayomfutia mtu kosa huanza kwa kulitaja hilo kosa. Mimi niliishia hapo mwanzo. Ukurasa wa kumi na moja jaji anasema mwenye funguo za stoo hakuitwa korti hata siku moja, na Onyiego aende nyumbani akiwa huru. Joan aliponiona uso aliacha kucheka.

Mwanao hakukudanganya. Kulikuwa na kitu kimoja tu cha kumsemea, na mkono uliokitupa ni huu unaokuandikia. Na lililo baya zaidi ni kwamba niliitupa kwa sababu hata mimi niliamini aliiba. Ningemwamini ningesoma mpaka mwisho, hata kwa kuuliza neno moja moja.

Nimemwambia Bosire. Alinuna siku mbili, akasema nimemuaibisha kwa wateja, lakini ameirudisha. Sasa ukiandika jina la Onyiego linasema hana hatia. Nimekuwekea nakala, kurasa zote, ule wa mwisho nimeukunja pembe. Mpe mchungaji ausome mbele ya wale wale wazee. Kiwandani wamesema Januari watatafuta madereva tena. Onyiego nimemtumia ujumbe kila siku, na nimepata namba ya mwanamke anayepika huko machimboni, ameniahidi atamwambia nyumbani kunamwita. Akija, Mama, usingoje afike mlangoni. Toka umuite mwanangu huko njiani, watu wakisikia. Mimi nitapiga magoti nyuma yako, na lolote mtakaloniambia nitalipokea.

Wasalimie wote wa hapo na wa kanisani. Baba Mongina anakusalimu, na Mongina pia, amelala na sufuria tupu mkononi. Ni mimi mtoto wako, Phanice, ninayekuombea mguu upone na

Ngoja, Mama. Jirani yangu Rebeccah ananiita, simu yangu iko kwake kwa chaji. Ameipokea. Anasema ni namba ya Migori, lakini si Onyiego, ni mwanaume anajiita Opiyo, anasema anachimba shimo moja na Onyiego, anauliza kama hapa ni kwa dada yake, na hataki kumwambia Rebeccah ni nini, anataka mimi mwenyewe, wacha ni