Sarafu Niliyoing'arisha

Busisi, 9 Agosti 1993

Mdogo wangu Masalu,

Habari za hapo Mirongo? Huku hatujambo, isipokuwa magoti ya Baba yanayomsumbua kila asubuhi yenye baridi.

Aliyekuletea barua hii ni mwalimu Luhaga. Kwenye kitambaa kuna ile sarafu ya Babu: tembo aliyeinua mkonga, nyuma yake mlima, na mwaka 1916. Ubishi wake unaujua. Baba anasema Babu alivukuta moto kwenye karakana ya Tabora, Wajerumani walipokuwa wakijitengenezea fedha wakati wa vita, akalipwa hiyo, dhahabu tupu. Baba mdogo Mayala anasema Babu alikuwa mpagazi tu, akaokota shaba akaja kutudanganya. Juzi, siku ya mahari ya binti yangu Winnie, walirushiana maneno mbele ya wakwe mpaka Baba akatoka nje.

Sasa Baba anasema, "Mwanangu ni sonara. Atakalosema yeye, mimi na Mayala tutalikubali."

Hauzi. Anataka neno lako tu.

Dada yako,
Odeta

Mirongo, Mwanza, 30 Agosti 1993

Dada Odeta, shikamoo. Mpe na Baba shikamoo yake. Mimi mzima, kazi ni nyingi. Tangu watu waruhusiwe kuuza dhahabu yao, foleni hapa dukani haikatiki.

Sarafu nimeipima. Nasikitika, ni shaba. Herufi zimelala upande na ukingo haulingani. Kazi ya serikali isingekuwa hivyo. Nimeing'arisha ili angalau ipendeze, nairudisha pamoja na barua hii. Baba asihuzunike, za bandia ni nyingi.

Samahani kwa ufupi, wateja wananisubiri.

Mdogo wako,
Masalu

Busisi, 26 Septemba 1993

Masalu,

U mzima? Mimi afya ninayo, raha sina.

Baba aliichukua sarafu mlangoni penye mwanga, akaipapasa kwa kidole gumba muda mrefu. Akasema, "Tembo wangu alikuwa na mikunjo kwenye sikio na shingoni. Huyu ni laini kama sabuni."

Kesho yake, na magoti yale, alitembea mpaka kwa baba mdogo Mayala. Nilikuwepo. "Mayala, ulisema kweli," akamwambia. "Ni shaba. Baba yetu alitudanganya." Mayala alianza kucheka, akaacha, akamsogezea Baba kigoda.

Njiani nikamuuliza kwa nini amesema hivyo wakati haamini. Akanijibu, "Nikisema yangu ilikuwa dhahabu, watu watauliza nani kaibadilisha. Baba yangu ameshakufa, uongo haumuumi. Masalu bado anakula kwa jina lake."

Nakuuliza mimi, Baba hajui kama naandika: umeibadilisha?

Dada yako,
Odeta

Mirongo, 17 Mei 1994

Dada yangu, shikamoo.

Naona hata aibu kuwaulizia hali baada ya kunyamaza miezi minane. Kila niliposhika kalamu nilijiambia wiki ijayo.

Sikuibadilisha. Ndiyo ileile. Na ni dhahabu.

Siku ileile niliyoipokea niliisugua ukingo kwenye jiwe la kupimia, nikadondoshea tindikali, mstari haukufutika kama wa shaba unavyofutika. Uzito nao ukakubali. Nilifurahi mno, dada. Nikataka Baba aione ikiwaka, nikaipeleka kwenye mashine ya kung'arishia kama pete ya harusi. Dakika mbili tu.

Bwana Taher, mwenye duka, aliporudi kutoka msikitini akaichukua na lenzi yake. "Masalu, nani alikuambia uiguse?" Akanieleza kwamba wanaojua sarafu za kale hawatazami dhahabu peke yake, wanatazama ngozi yake. Hii, akasema, ilikuwa karibu kama ilivyotoka Tabora, ya daraja la juu kabisa. Sasa imeshuka, na hakuna fundi wa kuipandisha. Zile herufi zilizolala na ule ukingo, ndivyo vilivyomfanya aiamini: ilipigwa karakanani, kwa haraka ya vita. Mimi nikachukua ushahidi huohuo wa Babu nikawaandikia kwamba ndiyo kasoro.

Niliogopa kumwambia Baba nimefuta alichokitunza maisha yake yote. Nikaona ikiwa shaba, nani atalilia shaba iliyosuguliwa? Sikujua kwamba kidole chake kinamkumbuka tembo.

Msomee Baba. Msomee na baba mdogo Mayala.

Mdogo wako,
Masalu

Busisi, 5 Juni 1994

Masalu,

Pole na kazi. Sisi tupo.

Habari za msiba nilizompa dereva wa basi naona hazikukufikia. Baba mdogo Mayala tulimzika tarehe 3 Mei.

Barua nimemsomea Baba mara mbili. Mara ya kwanza alicheka kwa sauti. "Kumbe mwanangu si mwizi!" Akafuta machozi. Mara ya pili akauliza umeiandika tarehe ngapi. Nikamtajia. Akahesabu kwa vidole, kisha akasema, "Siku kumi na nne baada ya kumzika. Mayala amekufa akijua baba yetu alikuwa mwongo, na aliyemwambia ni mimi."

Tangu jana hajala.

Nilimuuliza nikujibu nini. "Mwambie kwa tembo simkasirikii. Lakini maneno niliyompa Mayala niliyasema kumlinda Masalu, na siwezi kuyafuata yalikokwenda."

Jumapili ya tarehe 19 tunaondoa matanga. Watoto wote wa Mayala watakuwepo, nao wamekua wakijua babu yao alikuwa mwongo. Baba anataka wasikie kwako, kwa mdomo wako, umesimama.

Hakuniambia nikubembeleze. Ameniambia nikuwekee kiti karibu na chake.

Dada yako,
Odeta