Mtani Aliyenyamaza

Kijijini Waa

Mjukuu wangu Mwanamisi,

Salaam nyingi kutoka kwetu sote. Mamako amepona homa, alhamdulillahi, na mbuzi wako amezaa pacha.

Umeniuliza kama rafiki yako anaweza kushtakiwa kwa kumwambia jirani "nitakuua" bila kumgusa. Anaweza, mwanangu.

Nilipokuwa msichana, uhuru ukiwa bado mpya, bibi yangu alifariki. Mzee Hamisi, mtani wetu, akajilaza mlangoni na panga ili jeneza lisitoke. Akamwambia baba, "Ukipita hapa nakukata kichwa, nikuzike pamoja na mamako!" Baba alicheka huku machozi yanamtoka. Hiyo ndiyo kazi ya mtani msibani. Lakini askari mgeni kutoka bara alikuwa akipita. Akayasikia maneno hayo, akamchukua Hamisi.

Kortini hakimu alimwuliza baba, "Aliyasema?"

"Aliyasema, bwana."

"Uliogopa?"

"Nilicheka, bwana. Ni mtani wangu."

Hakimu akamwachilia. Basi kamwulize huyo jirani kama alicheka. Ikiwa aliogopa, rafiki yako ana kesi.

Ila Hamisi alikuwa amekwisha kulala mahabusu majuma mengi, na hakutaka kamwe kutueleza aliyoyaona huko. Baba alipofariki, tulimwachia Hamisi nafasi mlangoni. Tukamngoja. Alisimama uani, mikono mitupu, akitazama chini. Jeneza la baba likatoka moja kwa moja. Hakuna aliyelizuia, na hakuna aliyecheka.

Nakuombea salama,
Bibi yako