Maboya Yamejipanga, Mimi Nimenyamaza

Jumapili jioni, Manundu. Mawingu yamekaa juu ya Korogwe toka asubuhi na mvua yenyewe haitaki kunyesha. Joto limebana. Nimeinuka kitandani, nimefungua dirisha, nimelifunga, nimelifungua tena.

Leo nimeposwa rasmi na sijasema neno hata moja.

Barua ya posa ya Rajabu ililetwa nyumbani mwezi uliopita. Rajabu ni bwana shamba kule Mkata, na nampenda, hilo sina haja ya kulizungusha. Baba mkubwa hakujibu papo hapo. Alituma watu Mkata wamuulizie: mmoja stendi, mwingine msikitini, na binamu yangu akapewa kazi ya kumchimba mitandaoni. Alisema hataki kumjua mtu kwa kinywa cha mtu mmoja. Nilicheka peke yangu jikoni, maana kazi yangu ndiyo hiyo hiyo, ila mimi naifanya baharini.

Mimi na wenzangu wa utafiti wa bahari tunafuatilia ukingo unaotokea pale maji ya moto yanapokutana na ya baridi, na jinsi yanavyoanza kujizungusha kama uji sufuriani. Kwa kipimo cha bahari ni vitu vidogo, leo vipo kesho vimekwisha. Setilaiti huona ngozi ya maji tu, na mawingu yakitanda haioni kitu. Meli huona vizuri, lakini pale ilipo tu. Maboya tunayoyaachia huenda yanakopelekwa na maji, yakitutumia habari za mahali yalipo. Roboti yetu hupiga mbizi kupima chini, taratibu mno. Mpaka vifaa hivi vikutane mahali pamoja ndipo tunapata picha ya kweli, na tangu nianze kazi hii hatujawahi kuvikutanisha.

Wiki hii zamu ya kuiongoza meli kutoka nchi kavu ni yangu. Mwenzangu Neema yuko melini, anasubiri nimwambie waende wapi.

Na leo ndiyo siku ambayo wageni wa Mkata walikuja kuchukua jibu.

Siku ya jibu binti hukaa chumba cha ndani, haonekani. Shangazi ndiye huingia kumuuliza, kisha hutoka na jibu lake. Shangazi Mwanahamisi aliteremka jana kutoka Bungu kwa kazi hiyo, na cha kwanza baada ya kuitikia shikamoo yangu kilikuwa kuichukua simu yangu na kuifunga kwenye pindo la khanga yake. Mwari hachati, alisema.

Nilikuwa na neno moja tu la kumtuma: nakubali, kwa sharti kwamba nitaendelea kwenda baharini. Nilitaka lisemwe mbele ya wazee, lisije likageuzwa baadaye kuwa mazungumzo ya chumbani. Nikimgusia Rajabu habari hiyo hunijibu “tutaona”. Mama yake, nasikia, anasema mke wa mtu hawezi kulala melini na wanaume. Neno langu nimelifanyia mazoezi wiki nzima.

Wageni walipoanza kuketi, simu ilikuwa inatetemeka pindoni bila kupumzika. Shangazi akajikuna ubavu mpaka akachoka, akanirushia simu, akaniambia nimalize haraka kabla hajarudi na swali lake.

Alikuwa Neema. Mawingu yamefunika bahari nzima, setilaiti haioni, nahodha anauliza wahame au wabaki. Nikafungua ramani ya maboya. Jana yalikuwa yametawanyika ovyo. Leo yamejipanga mstari. Maji huyakusanya hivyo pale penye ukingo, kwa hiyo ukingo ulikuwa umehama kaskazini, na roboti ilikuwa karibu nao. Meli peke yake ndiyo ilikuwa imesimama pasipo na kitu.

Nilikuwa naandika Shangazi alipoingia. Akakaa kitandani, akanishika goti.

“Mwanangu, watu wanasubiri. Unasemaje?”

Nilimsikia. Naapa nilimsikia. Lakini vidole vilikuwa kwenye namba za mahali pa kuipeleka meli, na nikikosea moja nimewapoteza. Nikainamisha kichwa, nikaendelea.

“Basi, tumeelewa,” akasema, akanipapasa kichwa, akatoka.

Kwetu binti akiinama akanyamaza, amekubali. Hakuna asiyejua hilo. Nilituma ujumbe, nikainua uso nitoe neno langu, mlango umeshafungwa na vigelegele vimeshaanza.

Meli iliwahi. Neema ameniandikia kwamba wameuvuka ukingo kutoka maji ya moto hadi ya baridi, maboya yako pande zote, roboti iko chini yao. Nililia kwa furaha. Shangazi akayaona machozi, akadhani ni ya harusi, akanikumbatia.

Sikumwambia kitu. Baba mkubwa ameshatoa jibu, watu wamekula pilau, wameagana watarudi kuzungumzia mahari.

Najikasirikia mwenyewe. Nimeipigania nafasi ya kwenda baharini kwa miaka, nikapewa dakika moja ya kuitetea, nami dakika hiyo nikaitumia kufanya kazi.

Rajabu anapiga, sipokei. Ameandika kwamba anataka tu kusikia sauti yangu. Nilianza kumjibu kuwa safari ijayo ya meli ni baada ya Idi na jina langu limo. Nimeufuta ujumbe. Hili si la kuandika.

Naishia hapa, nampigia. Akiniambia tena “tutaona”, kesho Shangazi harudi Bungu kabla hajalipeleka neno langu kwa wazee.