Baba Niliyemzaa

Munyaka, Eldoret
Ijumaa, Machi 1988

Kwa wajina wangu Kinyanjui,

Mimi nina miaka sabini na nane. Nimevuka vita ya Burma, nimevuka kizuizi cha Emajensi ya mkoloni, nimemvuka hata yule mzungu aliyeapa kwamba mimi nitakufa kabla ya ng'ombe wake. Yeye alikufa. Ng'ombe nilimla. Nilimzika baba yangu Gachuhi kwa mikono hii, na sasa nimeachwa na baba yangu wa pili, yule niliyemzaa mwenyewe nikampa jina la mzee. Wajina, keti chini kwanza. Baba yako Simeon Gachuhi hayuko tena.

Salamu nyingi kutoka kwetu sote. Nyanyako Waithira anakusalimu, ingawa hataki chakula. Mvua bado, mahindi hatujapanda. Wewe je, uko salama huko Amerika? Miguu yako iko sawa?

Usishangae mwandiko, ni wangu. Wakati wa masomo ya ngumbaru baba yako alinitoa kwa duka akaniketisha kwa dawati la watoto, magoti yakigonga kidevu. Nikikosea hakunionea huruma. Yeye aliniita Baba, nami kwa ajili ya jina nikamwita Baba, na darasa lote likacheka likisema hapa haijulikani nani atamchapa nani. Lakini niliwashinda wote, hata wale vijana wa miaka hamsini. Kwa hivyo mtu huyu alikuwa mtoto wangu, akawa baba yangu, akawa mwalimu wangu. Nani mwingine hapa Munyaka anaweza kusema hivyo?

Nakukumbusha Cheptiret, ile siku ya mbio za shule, wavulana na wasichana pamoja. Baba yako alikuwa amesimama mwisho, pale penye uzi. Ulifika na Chepkorir bega kwa bega, na watu wote wakapiga kelele kwamba mtoto wa mwalimu ameshinda. Hata mimi nilipiga, na sauti yangu unaijua. Baba yako akasema hapana, kifua cha msichana ndicho kilichogusa uzi kwanza. Ulilia, ukakataa ugali, nami nikamwuliza kama amezaa mtoto au amezaa jirani. Akanijibu kwamba mtoto akipewa kikombe cha mwingine, siku moja atakikuta kimetoboka. Baada ya siku hiyo ndipo ulianza kukimbia kweli. Kila asubuhi alikupeleka Kaptagat, yeye mbele, wewe nyuma ukitema mate.

Sasa sikiliza. Mwezi uliopita tulipiga kura ya mlolongo, mtu anasimama nyuma ya picha ya yule anayemtaka. Baba yako aliwekwa kuwa msimamizi hapo kwa uwanja wa shule. Mlolongo wa Mzee Joash ulianza kwa goli, ukazunguka choo cha wavulana, ukatokea barabarani. Ule wa mtu wa serikali ulikuwa mkia wa mbuzi. Mimi nilikuwa kwa mrefu, karibu na choo, na sikuziba pua. Halafu mkubwa mmoja akashuka kwa gari akamnong'oneza baba yako atangaze mkia wa mbuzi ndio mrefu. Baba yako akamjibu kwa sauti, sisi wote tukisikia, kwamba yeye maisha yake yote amesimama mwisho wa mbio, na hajawahi kumpa wa pili kikombe. Mkubwa akamwuliza kwa nini anatemea mate sahani ya serikali. Akasema sahani ni ya watu hawa waliopanga laini. Watu wakacheka, wakapiga makofi. Mimi nilipiga kuliko wote. Ningejua!

Walimchukua jioni hiyo hiyo, mbele ya nyanyako. Tukatafuta, tukafukuzwa kila mlango. Halafu chifu akaja kutuambia kwamba amekufa rumande, mapafu yamekataa. Mapafu! Ya mtu aliyepanda vilima vya Kaptagat akiwa anaongea!

Mwili uko mochari na hawatupatii. Chifu amesema watautoa, na ruhusa ya watu kukusanyika tumzike, nikisimama kwa baraza niseme kwamba mtoto wangu alikuwa amechanganyikiwa kichwa, hakuona milolongo vizuri. Nilimwambia aende akamwambie mama yake. Nilijivuna hivyo wiki tatu, nikitembea sokoni kifua mbele. Nyanyako akaniuliza kama hicho kiburi changu kina jembe, kitachimba kaburi lini. Juzi Wanyama, yule anayefanya kazi mochari, alinivuta kando akaniambia, Mzee, stima ya friji inapotea kila siku, na huyu mwalimu wetu hawezi kungoja tena. Aliniambia bila kuniangalia.

Kwa hivyo wajina, nakuambia wewe kabla hujasikia kwa wengine. Baraza ni kesho. Kesho mimi Kinyanjui, ambaye hata mzungu hakuniinamisha, nitasimama kwa uwanja ule ule niseme baba yangu hakuona. Nimejaribu kutafuta njia nyingine, usiku na mchana, sina. Kesho nitasema uongo, ndiyo maana leo naandika ukweli, kwa mkono alioufundisha yeye.

Wewe usije. Chifu ameuliza mara nyingi utarudi lini, na hakuuliza kwa upendo. Najua udongo wa kwanza ni wa mtoto wa kwanza. Nitautupa mimi. Jina letu ni moja, kaburi halitajua tofauti.

Kula vizuri, kimbia, na hii barua usiichome. Nyanyako anasema uvae nguo nzito.

Ukitaka mashahidi, Mwalimu Jeconia alihesabu pamoja na baba yako, na Mama Leonida alikuwa mbele yangu kwa laini. Kesho watanyamaza, usiwalaumu. Posta inafungua barua, ndiyo sababu hii nimeituma ndani ya kiatu cha mtu anayekuja huko kwenu kusoma na kukimbia. Yeye pia alikuwa kwa laini. Ukimaliza kusoma, mwangalie usoni umwulize kama baba yako alikuwa haoni. Ni Chepkorir.

Ni mimi,
Kinyanjui, mtoto wa Gachuhi, baba ya Gachuhi